Mkono Usiofika Sikioni

Sehemu ya saba

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia maandazi, si kitu. Yaliyonipata hayachukui maneno mengi kuyarudia.

Mimi ni Mwaija binti Rehani, Mzigua wa Misima, mjane, mwenye hoteli ya chai pale njia panda ya Segera. Nilikuwa pia diwani. Ni mimi niliyesimama katika baraza la wilaya, mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, nikasema faini haitoshi. Anayemfanyisha kazi ya biashara mtoto asiyetimiza miaka kumi na miwili afungwe miezi sita, na asipewe nafasi ya kulipa. Wenzangu wakapiga makofi, wakapitisha.

Miezi minne baadaye mkaguzi wa baraza, Ndugu Mbaruku, alimkuta mtoto wa miaka minane kando ya basi la Tanga, sinia la vitumbua kichwani. Akamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Mtoto akanyoosha kidole kwenye dirisha la hoteli yangu.

Mtoto huyo ni Kudra, binti wa marehemu kaka yangu Isihaka. Hapo ndipo tulipofika.

Mbaruku aliingia ndani bila kuvua kofia.

"Ndugu Mwaija, huyu mtoto ni nani wako?"

"Mtoto wa kaka yangu. Mtoto wa nyumbani huyo."

"Anasoma?"

"Anasoma," nilisema. Neno lenyewe lilitoka haraka kuliko nilivyotaka.

"Vizuri. Utamweleza hakimu, siku tisa kuanzia leo, Handeni. Mtoto nakwenda naye."

"Unakwenda naye wapi?"

"Kwa Swaumu, muuguzi wa Handeni. Atakaa huko mpaka kesi isikilizwe, na wewe huruhusiwi kumwona."

"Nani kasema?"

Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi, akanisomea polepole kama anayemsomea mtu wa ngumbaru. "Mtoto atengwe na mshitakiwa, asije akafundishwa maneno ya kusema." Akaikunja. "Hukumbuki? Kifungu hiki ulikitamka wewe mwenyewe. Sisi tuliandika tu."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata kanga niliyovaa siku ile.

Kudra alikuwa amesimama mlangoni. Aliniuliza kama vitumbua vilivyobaki avirudishe jikoni au aende navyo. Nikamwambia aende navyo. Akapanda Landrova ya baraza, sinia juu ya mapaja, akanipungia mkono kama mtu anayekwenda harusini.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi sikuingia tu. Nilikichimba, nikakipima kina, nikahakikisha hakina ngazi.

Kesho yake nilikwenda Handeni kumtafuta mtu ambaye nisingependa anione katika hali ile. Bwana Amirali, mwenye duka la chumvi na mabati karibu na soko.

Katika baraza nilikuwa nimemtaja kwa jina. Nilisema, "Amirali ana watoto wawili wanabeba magunia, na faini kwake ni kama kununua kiberiti." Ukumbi mzima ulicheka. Yeye alikuwa amekaa nyuma na hakucheka.

Mkewe, Bibi Noorjahan, ndiye aliyenipokea. Hakuniuliza shida yangu. Aliweka kikombe cha chai mbele yangu, akarudi ndani. Afadhali angenitukana.

"Mama Mwaija," alisema Amirali akikaa, "nimesikia. Handeni nzima imesikia."

"Umefurahi?"

"Nilidhani nitafurahi." Akakuna kidevu. "Zamani mtu akikamatwa alilipa, akarudi nyumbani, akaona haya wiki moja. Wewe ulisema mlango ule ufungwe. Haya, umefungwa. Lakini, Mama, ulisahau kutoka kwanza."

"Nicheke, nilie?"

"Kunywa chai." Akaniangalia. "Wale vijana wangu wawili, niliwaachisha kesho yake tu baada ya baraza lako. Niliogopa jela, sisemi uongo. Mmoja sasa yuko shule. Anakuja hapa jioni kunisomea maandishi ya kwenye makatoni, na kila katoni anadai pipi. Sheria yako nzuri, Mama Mwaija. Mimi mwenyewe nasema nzuri."

Fikiria, msomaji, mtu uliyemfanya achekwe na watu anakusifia kitanzi chako.

"Nisaidie mawazo, Bwana Amirali. Mimi sina wakili."

"Pale hakuna wakili. Kuna hakimu na wazee wawili. Isome sheria yako. Inasemaje juu ya ndugu?"

Nilikuwa naijua kwa moyo. Diwani mmoja mzee alitaka tuongeze maneno "isipokuwa mtoto wa ndugu", nikaruka juu kama niliyekanyaga siafu. Nikasema, "Kila mwenye kitumishi kidogo atasema ni mpwa wake! Undugu usiwe kichaka cha kujifichia. Ndugu ni yule anayempeleka mtoto shule!" Makofi tena. Na ndivyo ilivyoandikwa: mtoto wa ndugu anayesoma, akisaidia kazi, si kosa. Mtoto wa ndugu anayenyimwa shule ni mtumishi kama watumishi wengine.

"Basi rahisi," alisema Amirali. "Mlete mama yake aseme huyu ni mtoto wa ndugu na anasoma. Yamekwisha."

Niliinua kikombe nikanywa. Kilikuwa kitupu.

"Mama Mwaija. Kwani hasomi?"

"Shule ilimkataa," nilisema. "Mkono haukufika."

"Aa! Sasa hapo una kesi. Mtoto mdogo, shule imemkataa, wewe ungefanya nini? Mlete mama yake, useme hivyo hivyo." Kisha akanikazia macho. "Sasa unalia nini tena?"

Sikumwambia. Na wewe nakuomba univumilie, nitakuambia nikiwa kwenye basi.

Bungu ni mlimani, na masika yale barabara ilikuwa uji. Lori lilinishusha njiani, nikamalizia kwa miguu. Wifi yangu Hamisa alirudi kwao huko baada ya Isihaka kufariki, na alipoona ninapanda na matope mpaka magotini aliacha jembe akaja mbio.

"Wifi! Karibu, wifi! Umekuja na nani? Kudra yuko wapi?"

"Yuko Handeni, mzima. Wifi, nina kesi."

Nilimweleza nusu. Nusu ile inayonifaa.

Hamisa alicheka mpaka akakaa chini. "Eti mtumishi! Mtoto wa Isihaka awe mtumishi kwa shangazi yake? Huyo mkaguzi yeye hana shangazi?"

"Sheria haijui shangazi, wifi."

"Itamjua. Nakuja mwenyewe. Nitamwambia hakimu kwa mdomo wangu huu."

"Ahsante, wifi. Wewe sema tu ni mtoto wa nyumbani. Hayo ya shule niachie mimi."

"Nikuachie kwa nini? Ndiyo yenyewe hayo!"

Akaingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya goti kama mtu anayekunjua sanda ya mtume.

SHIKAMOO MAMA. MIMI SIJAMBO. NINASOMA. KUDRA.

"Mwalimu wa madrasa kanisomea mara tatu," alisema. "Sasa naijua bila yeye. Tazama hii K, wifi, ilivyolala upande. Nikiiona hii K naona mkono wake."

Niliitazama. K ile niliiandika mimi. Niliiandika kwa mkono wa kushoto, juu ya meza ya hoteli, baada ya basi la saa nane kuondoka, ili herufi zitoke za kitoto. Nilijisifu hata, nilipomaliza.

"Usiende nayo, wifi," nilisema. "Mvua itailowesha."

"Nitaiweka kifuani."

Mlangoni alikuwa amesimama mdogo wake Kudra, Mwatumu, mtoto wa miaka mitano, amevaa gauni la sikukuu. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Anataka kwenda nawe," alisema Hamisa. "Kila akisikia barua ya dada yake analia naye akasome. Nimemwambia shangazi hana ubaguzi, atakuchukua. Sivyo, wifi?"

"Mwakani," nilisema.

Neno hilo, mwakani. Nilikuwa nimelizoea sana.

Siku ya kesi tuliteremka mimi na Hamisa. Niliomba mvua njia nzima, mvua ya kulowesha mtu mpaka kifuani. Masika yote yale, siku hiyo mbingu zikakauka.

Ndani ya basi Hamisa alisinzia begani kwangu. Sasa ndiyo nakuambia.

Siku zile watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na madawati yalikuwa machache. Kwa hiyo mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Vidole vikifika, mtoto ametimiza miaka saba, anaandikwa. Visipofika, arudi mwakani.

Mwaka wa kwanza Kudra hakufika. Hiyo ni kweli na Mungu ni shahidi. Alikuwa mdogo wa mwili. Alilia kutoka shuleni mpaka hotelini, nami nililia naye.

Mwaka wa pili alifika.

Niliona kwa macho yangu, wiki moja kabla ya uandikishaji. Alikuja jikoni anakimbia. "Shangazi, tazama! Tazama!" Hakuligusa tu lile sikio, alilikamata, akalivuta kama kishikio cha kikombe, huku anaruka.

Na mimi, badala ya kufurahi, nikatazama moto.

Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa imeleta mabasi mengi. Mwanamke aliyekuwa akinisaidia alikuwa ameolewa na kuondoka. Kudra alikuwa anajua unga umeumuka kwa kuugusa tu, na abiria walimwita kwa jina kabla basi halijasimama. Nililitazama lile sikio lililokamatwa, nikaona asubuhi zangu zote hazina mtu.

"Mwakani," nilimwambia. "Nisaidie mwaka huu mmoja tu, mwanangu."

Utauliza kwa nini sikumficha tu nyumbani. Kwa sababu nilikuwa diwani! Mwalimu Bernardo wa shule yetu angeniuliza, majirani wangeniuliza. Nilitaka shule ndiyo imkatae, isiwe mimi.

Basi nikamfundisha. Inua bega. Kunja kiwiko. Lalia shingo upande wa pili. Vidole viishie hapa, kwenye nywele, juu kidogo ya sikio. Tulifanya mazoezi siku tatu nyuma ya jiko. Siku ya tatu alikuwa fundi, na alifanya kwa furaha, maana kwake ulikuwa mchezo wa kumpendeza shangazi.

"Nisifike, eh, Shangazi?"

"Usifike."

Mwalimu Bernardo alisikitika sana. "Pole, mama, mlete mwakani," alisema, akaandika katika daftari lake. Nami nikasikitika mbele za watu. Yale makofi ya barazani hayakuwa yametimiza mwezi.

Sasa umejua. Hamisa alizinduka tulipokuwa tunaingia Handeni, akagusa kifua chake kuona kama karatasi ipo. Ilikuwepo.

Ukumbi ulijaa. Wengine niliwajua, walikuwa wale wale waliopiga makofi. Hakimu alikuwa kijana, mgeni wa wilaya, mwenye sauti ya upole. Kushoto kwake alikaa Mzee Hiza, mmoja wa wale wazee wawili wa mahakama, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi.

Kudra alikuwa kwenye benchi karibu na muuguzi Swaumu. Alivaa viatu. Kwa siku tisa tu mashavu yalikuwa yamejaa. Aliponiona alicheka kwa meno yote, na mimi nikaona aibu ambayo sikuiona hata siku niliyokamatwa.

"Ndugu Mwaija," alisema hakimu, "sheria hii unaifahamu?"

Watu wakacheka.

"Naifahamu, Bwana Hakimu."

"Basi unajua kwamba haina faini. Nikikuona na kosa, mimi mwenyewe sina pa kukupitishia."

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," alinong'ona Mzee Hiza, kwa sauti ya kusikiwa na wote. Hakimu akamwomba asubiri zamu yake.

Mbaruku alieleza aliyoyaona. Basi, sinia, vitumbua, saa nne ya asubuhi, siku ya shule. Hakuongeza hata chumvi. Kisha akaitwa Hamisa.

Wifi yangu alisimama wima kama anayepiga picha.

"Bwana Hakimu, shikamoo. Huyu ni dada wa mume wangu. Mume wangu alipokufa, yeye ndiye aliyesema, nipe mmoja nimsomeshe. Nani kati yenu alikuja kusema hivyo? Mtoto kumpikia shangazi yake vitumbua ndiyo kosa? Na shule anasoma. Ushahidi huu hapa."

Akaitoa kifuani.

Hakimu aliisoma kwa sauti. Ukumbi ukatoa ule mguno wa watu walioguswa. Mama mmoja nyuma alisema, "Masikini." Hakimu mwenyewe alitabasamu.

"Anasoma shule gani?"

"Ya pale pale Segera, darasa la pili."

Hapo Mbaruku akasimama. "Bwana Hakimu, mwalimu wa shule hiyo nimemleta. Yupo nje."

Mwalimu Bernardo aliingia na daftari lake kwapani, na hakunitazama.

"Mtoto huyu namfahamu," alisema, "lakini simfundishi. Aliletwa na Ndugu Mwaija mara mbili. Mara zote mbili mkono haukufika sikioni. Nimeandika hapa, na tarehe zipo."

Hamisa alikuwa bado ameunyoosha mkono kuipokea karatasi yake. Aliutazama mkono, akanitazama mimi.

"Wifi?"

"Ndugu Mwaija," alisema hakimu, na tabasamu lilikuwa limeondoka, "barua hii imeandikwa na nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu nilikuwa nimeona kichochoro.

"Niliiandika mimi, Bwana Hakimu." Watu wakavuma. Nikapandisha sauti. "Niliiandika kwa huruma! Mara mbili nimempeleka, mara mbili amekataliwa. Mama yake mjane, yuko mlimani, ana matumaini. Ningemwambia nini? Nilitaka asihuzunike."

Kila neno peke yake lilikuwa kama kweli. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha baadaye.

Hamisa alilia. Nilingoja anitemee mate. Badala yake akaja pale nilipokuwa nimesimama, akanishika mkono.

"Ungeniambia tu, wifi," alisema. "Ningesubiri. Kwani mtoto akichelewa kukua ni kosa lako?"

Hakimu akawainamia wazee wake. Wakanong'ona, wakanong'ona. Niliwaza milango ya jela, niliwaza jina la baba yangu Rehani likitajwa Misima sokoni, nikawaza miezi sita isiyo na mlango.

"Uongo wa barua ni uongo," alisema hakimu mwishowe, "lakini si huo uliokuleta hapa. Sheria inamtafuta mtu anayemnyima mtoto shule. Aliyempeleka mara mbili, na shule ikasema bado mdogo, siwezi kusema amemnyima. Kama kweli mtoto hajafikia umri wa kuandikwa, nitamwonya juu ya sinia lile, na nitamwachia."

Nitamwachia! Nililisikia neno lile mwili mzima. Nikaapa palepale kimoyomoyo, mwakani namwandikisha, wallahi mwakani, hata nifunge hoteli.

Mzee Hiza akakohoa.

"Mama mtoto," alisema, "huyu binti ulimzaa lini?"

Hamisa hakuwa ameambiwa lolote juu ya hesabu za miaka. Aliulizwa swali jepesi, akajibu kwa fahari.

"Wiki ile ile ya Uhuru, mzee wangu. Bendera ilipanda Jumamosi, mimi nikajifungua Jumatatu."

Mzee Hiza akahesabu kwa vidole, hana haraka. Alipomaliza mkono mmoja akaenda wa pili.

"Miaka minane na miezi," alisema. "Miaka minane mkono haufiki? Mimi wajukuu zangu wa miaka saba wanafika na kujikuna."

"Wengine huchelewa, mzee," niliwahi kusema. "Ni damu yetu. Marehemu kaka yangu alikuwa mfupi."

"Nani? Isihaka?" Hamisa alishangaa kweli, bila ubaya wowote. "Isihaka, wifi? Si alikuwa akiinama kila mlango?"

Kuna mtu alicheka, akanyamaza haraka.

Hakimu aliinua kiganja. "Hakuna haja ya kubishana. Mtoto mwenyewe yupo. Kudra, njoo hapa mbele."

Kudra alikuja, viatu vipya vikilia sakafuni. Akasema shikamoo kwa hakimu, akasema shikamoo kwa kila mzee.

"Hodari," alisema hakimu. "Hebu pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa chako, ushike sikio la kushoto. Mwalimu, sogea uone."

Hamisa alikuwa bado amenishika mkono. Nilisikia basi linapiga honi stendi.

Mkono wa Kudra ulipanda. Bega likaanza kuinuka, kama tulivyofanya nyuma ya jiko. Kiwiko kikakunjika kidogo. Kisha akasita, mkono ukiwa juu ya kichwa, vidole vikicheza hewani. Siku tisa hatukuwa tumeonana. Nilitaka mtoto asifundishwe maneno, na hakufundishwa. Alikuwa hajui leo shangazi anataka nini.

Akageuka akanitazama. Hakuwa na hila. Aliniuliza kwa sauti ile ile ya jikoni, ya kuuliza kama sukari inatosha.

"Shangazi, leo nifike, au nisifike kama siku ile?"

Hakuna aliyecheka. Hamisa aliuachia mkono wangu.

Hakimu aliiweka kalamu chini, akanigeukia.

"Ndugu Mwaija," alisema. "Mjibu mtoto."